Kabla ya kuuza rupia ya nyanya, fika Lamu

Sarafu kuukuu zilizosahaulika ndani ya kopo zina historia ndefu kuliko umri wa nchi yetu. Visiwa vya Lamu ndipo mahali pazuri pa kujifunza kuzisoma, kuzipima na kuzihifadhi.

JE, msomaji, kuna kopo la sarafu kuukuu nyumbani kwenu? Huenda liko juu ya kabati, au chini kabisa ya sanduku la nguo za nyanya. Ndani yake mna senti kumi zenye tundu, shilingi za simba, na pengine rupia moja nyeupe iliyofungwa kwenye pindo la kitambaa. Watoto huzichezea. Wageni huziangalia, wakacheka, wakazirudisha. Na shida ikibisha hodi, karo ya shule au deni la dukani, kopo hupelekwa kwa sonara, likawekwa kwenye mizani na kuuzwa kwa uzani, kama kwamba kilichomo ni vyuma vya kuyeyusha tu.

Ikiwa wazo hilo limekujia, lisitishe kidogo. Likizo ijayo, chukua watoto mwende Lamu. Utaona bahari na mchanga wa Shela, hilo halina shaka. Lakini pia utajifunza jambo ambalo wengi wetu wa mijini hatukufundishwa shuleni: namna ya kuitazama sarafu ya kale na kujua ni ya nani, ya lini, na iko katika hali gani.

Safari yenyewe si ngumu. Kwa basi kutoka Mombasa utapita Malindi, Garsen na Witu hadi bandari ndogo ya Mokowe, na hapo utaingia chomboni kuvuka. Ukija kwa ndege utashuka kisiwa cha Manda, kisha uvuke mkono wa bahari hadi mjini. Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, una vichochoro vyembamba ambamo punda ndiye mchukuzi. Anza kwenye jumba la makumbusho lililo ufuoni, uzione siwa mbili mashuhuri, ile ya pembe ya ndovu kutoka Pate na ile ya shaba ya Lamu. Halafu nenda ngomeni. Ngome hiyo ilijengwa kati ya 1813 na 1821, na kwa miaka mingi ilikuwa gereza.

Kisha ingia Usita wa Mui, njia kuu ya mji, uwatafute masonara. Utawaona wakitengeneza pete zilizopambwa kwa vigae vya vyombo vya kale vya Kichina. Simama hapo ufikiri kidogo. Fedha iliyotumika kutengenezea vikuku, mikufu na pete za pwani ilitoka wapi, ilhali hapa hakuna mgodi wa fedha? Sehemu kubwa ilitoka kwenye sarafu. Riali na rupia zilitumika kununulia, na zilipohitajika zilitiwa motoni zikawa mapambo. Kwa hiyo kila sarafu ya fedha iliyosalia leo ni ile iliyoponea chupuchupu.

FEDHA NDOGO KAMA UKUCHA

Wengi hudhani kwamba sarafu zililetwa kwetu na Mzungu. La hasha! Panda mashua uende kisiwa cha Pate, ukiwauliza mabaharia kwanza habari za maji kujaa na kupwa. Katika ufuo wa kusini, si mbali na Siyu, yako magofu ya Shanga. Kati ya 1980 na 1988 mtaalamu wa mambo ya kale, Mark Horton, alichimba mahali hapo. Chini ya msikiti wa mawe aligundua misingi ya misikiti mingine ya zamani zaidi, mmoja juu ya mwingine, hadi kufikia ile midogo ya miti ya karne ya nane. Pia alipata sarafu ndogo mno za fedha, karibu kiasi cha ukucha wa kidole cha mwisho, zenye maandishi ya Kiarabu. Hizo ni miongoni mwa sarafu za mwanzo kupigwa katika pwani yetu.

Desturi hiyo haikuishia Shanga. Huko Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, mwaka 1984 ilipatikana akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000. Kilwa nayo ilipiga sarafu zake za shaba, zikiwa na majina ya masultani wake.

Hata Mchina ameacha alama. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Mkenya, Profesa Chapurukha Kusimba, na Sloan Williams wa Marekani, walitangaza kwamba kisiwani Manda imepatikana sarafu ya Mfalme Yongle wa China, duara yenye tundu la mraba katikati, ya kati ya 1403 na 1425. Huyo ndiye mfalme aliyemtuma Zheng He na majahazi yake makubwa kuvuka Bahari ya Hindi.

Sasa linganisha na kisa kingine. Mwaka 1944, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, askari mmoja wa Australia aliokota sarafu tano za Kilwa kwenye mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Kilwa na Australia! Wataalamu wamekuna vichwa kwa miaka mingi bila kupata jibu, kwa sababu sarafu ziliokotwa juu ya mchanga, na hapakuwa na tabaka la udongo la kueleza zilifikaje wala lini. Sarafu ya Manda na zile za Shanga zilitolewa na watafiti kwenye machimbo, kila kitu kikiandikwa mahali pake. Ndiyo maana zinaweza kutoa ushahidi. Shika jambo hilo moyoni, tutalirudia.

RIALI, RUPIA NA PESA

Kabla ya shilingi, mfanyabiashara wa Lamu alijua fedha za mataifa mengi. Kubwa kuliko zote ilikuwa riali ya Maria Theresia, malkia wa Austria. Sarafu hii pana ina uzito wa gramu 28 hivi. Mwaka ulioandikwa juu yake ni 1780, mwaka aliofariki malkia huyo, lakini usikimbilie kusema kwamba yako ina umri wa zaidi ya miaka 240. Wafanyabiashara wa Uarabuni na Afrika Mashariki waliizoea sura hiyo hata wakakataa nyingine, kwa hiyo viwanda viliendelea kuipiga kwa mwaka uleule. Katika karne ya ishirini hata London, Birmingham na Bombay ziliipiga. Riali ya nyanya yako huenda ilizaliwa Uingereza!

Rupia ilitoka India, nayo ilikuwa na picha ya Malkia Victoria. Jifunze siri moja ndogo: rupia iliyopigwa kabla ya 1877 humwita malkia tu, na zilizofuata humwita malkia mkuu wa India. Rupia moja ilikuwa na pesa 64. Naam, neno letu “pesa” lilitokana na sarafu ndogo ya Kihindi ya shaba, kama vile “hela” ilivyotokana na sarafu ya Wajerumani waliotawala Tanganyika. Na “thumuni”, jina ambalo wazee bado huliita senti hamsini, kwa Kiarabu ni sehemu ya nane.

Seyyid Barghash wa Unguja, ambaye Lamu ilikuwa chini ya himaya yake, alitoa pesa yake ya shaba yenye picha ya mizani, ya mwaka wa Hijria 1299. Wewe mwanafunzi, hii hapa hesabu ya kukisia: zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, kisha ongeza 622. Utapata 1882.

Kampuni ya Kiingereza iliyopewa hati ya kutawala sehemu hizi mwaka 1888 nayo iliiga mizani hiyo. Pesa yake ya shaba ina picha ya jua lenye taji, na jina la Mombasa. Kampuni ilishindwa na kazi, na mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikachukua nchi. Ukikuta pesa hiyo koponi, ujue umeshika kitu kilichotangulia Kenya yenyewe.

KUISOMA SARAFU YA MWINGEREZA

Baada ya 1895 ndipo zinapoanza zile sarafu ambazo familia nyingi zinazo. Zisome kwa mpangilio: kwanza mwaka, pili jina la mfalme, tatu herufi ndogo ndogo.

Senti za mwanzo kabisa, za 1907 na 1908, zilikuwa za alumini, nyepesi kama karatasi, nazo zilikuwa miongoni mwa sarafu za kwanza za alumini duniani. Hazikudumu, zikabadilishwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli. Tundu la katikati liliwafaa watu kupitishia kamba na kuzibeba, na pembe za ndovu zilizochorwa pembeni mwa tundu zinakumbusha biashara iliyotajirisha na kuumiza pwani hii.

Mwaka 1920 rupia iliondolewa, ikaletwa florini. Hiyo nayo haikukaa. Ilifuatwa upesi na shilingi, ambayo sarafu zake za kwanza zina mwaka 1921. Kwa hiyo sarafu za florini za 1920 ni chache, na wakusanyaji huzitafuta sana.

Shilingi ya zamani ina kichwa cha mfalme mwenye taji upande mmoja, na simba mbele ya milima upande wa pili. Ile ya hadi 1946 ina robo ya fedha halisi ndani yake. Kuanzia 1948 haina fedha hata chembe. Tofauti hiyo ya miaka miwili ndiyo inayomfanya sonara achague moja na kuirudisha nyingine, nawe unabaki unashangaa. Tena, mtu akikuletea shilingi ya Afrika Mashariki yenye picha ya Malkia Elizabeth, mshukuru umrudishie. Katika enzi yake hapa ilipigwa thumuni na senti, lakini si shilingi.

Herufi ndogo hueleza kiwanda: H ni Heaton, na KN ni King's Norton, vyote vya Birmingham. I ni Bombay, na SA ni Pretoria. Hizo mbili za mwisho utaziona katika miaka ya vita, wakati viwanda vya ng'ambo vilipoitwa kusaidia.

Kisha iko senti kumi ya 1936. Tazama jina la mfalme. Ukiona Edward wa Nane, tabasamu. Mfalme huyu hakumaliza hata mwaka mmoja kitini. Alijiuzulu Desemba 1936 ili amwoe Mmarekani aliyekuwa ameachika. Nchini mwake hakutoa sarafu za kutumika sokoni, lakini sisi huku tulizitumia kununulia chumvi na viberiti! Hata hivyo usitarajie utajiri. Zilipigwa kwa wingi, na mpaka leo si adimu. Sifa ni jambo moja, uchache ni jingine.

KUPIMA DARAJA

Bei ya sarafu hutegemea mambo matatu: uchache wake, watu wangapi wanaitaka, na hali yake. Hilo la tatu ndilo wengi hukosea. Sarafu mbili za mwaka mmoja zinaweza kutofautiana bei mara kumi au zaidi kwa sababu ya uchakavu tu.

Chukua shilingi ya simba, uishike kwa ukingo baina ya vidole viwili, juu ya kitambaa laini. Simama karibu na dirisha, utumie kioo cha kukuzia. Tazama sehemu zilizoinuka zaidi, kwani hizo ndizo huchakaa mwanzo: taji la mfalme, nyusi, sikio, ndevu za George wa Tano, na upande wa pili manyoya ya shingo ya simba.

Ikiwa kila unywele wa simba unaonekana na hakuna alama yoyote ya kupita mikononi, hiyo ni daraja la juu, kama ilivyotoka kiwandani. Waingereza huiandika UNC. Ikiwa ni ncha za juu tu zilizoguswa kidogo, hiyo ni EF. Ikiwa manyoya yameanza kuungana lakini sura yote iko wazi, ni VF. Ikiwa manyoya yamekuwa bapa, ila maandishi yote yanasomeka, ni F. Chini ya hapo ni kivuli cha simba tu, na thamani yake mara nyingi haizidi ya madini yaliyomo.

Angalia mtego mmoja. Hiyo F ni kifupi cha neno ambalo kwa Kiingereza humaanisha kitu kizuri, kumbe sarafu yenyewe imechakaa vya kutosha. Mnunuzi mgeni husikia sifa hiyo akalipa kwa furaha. Wamarekani wao hutumia namba, 1 hadi 70, kipimo kilichobuniwa na William Sheldon mwaka 1949. Na siku hizi yako makampuni yanayopima sarafu na kuifunga ndani ya kasha la plastiki lenye namba yake.

Kutambua sarafu ya bandia, anza na vitu rahisi. Pima uzito, kwani riali ya gramu 20 si riali. Jaribu sumaku, maana fedha haivutwi nayo. Halafu tazama ukingo: mstari wa muungano unaozunguka ni dalili kwamba imemiminwa katika kalibu, haikupigwa kwa mashine.

USIIOSHE!

Hapa ndipo familia nyingi zinapoharibu mali yao kwa mikono yao wenyewe. Mtoto mwema anatoa kopo, anachukua ndimu na jivu, anasugua mpaka rupia inang'aa kama kijiko kipya. Baba anampongeza. Kumbe ule weusi uliojengeka kwa miaka 100 ndio uliokuwa ngozi ya sarafu, nao haurudi tena. Mkusanyaji akiiona ataishusha daraja papo hapo.

Mng'aro wa kiwandani na mng'aro wa kusugua hutofautiana. Geuza sarafu polepole kwenye mwanga: ule wa asili huzunguka juu ya uso wake kama mishale ya gurudumu, na ule wa kusugua husimama mahali pamoja, ukionyesha mikwaruzo myembamba. Sarafu yenye udongo, iloweke katika maji safi tu, kisha uikaushe kwa kuigandamiza kitambaa laini bila kuisugua.

Pwani kuna adui mwingine, hewa ya chumvi. Shaba huota kutu ya kijani ikala uso wote. Weka kila sarafu katika bahasha yake ya karatasi, mahali pakavu, wala usitumie mifuko laini ya plastiki inayonata. Na juu ya bahasha andika: ni sarafu gani, ya mwaka gani, ilitoka kwa nani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

SHERIA INASEMAJE?

Sasa turudi kwenye lile jambo nililokuomba ulishike. Ukitembea Shanga, au Takwa kule Manda penye kaburi la mnara, macho yako yanaweza kuangukia kitu cha duara mchangani. Usikitie mfukoni. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kitu chochote kinachohamishika, kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, kuwa ni cha kale. Vilivyomo ardhini ni mali ya serikali kwa niaba yetu sote, kuchimba kunahitaji kibali, na ukigundua kitu ni wajibu wako kuwaarifu watu wa makumbusho. Kiache pale pale, chukua picha, kumbuka mahali, uende ukatoe habari.

Mwaka huo 1895 uandike kwenye daftari lako. Shilingi ya simba ya 1921 na senti kumi ya mfalme aliyejiuzulu ziko upande wa pili wa mstari, na mkusanyaji anaweza kuzinunua na kuziuza. Lakini pesa ya Barghash, pesa ya Mombasa ya 1888 na rupia za zamani za Victoria zilizoletwa huku wakati huo ziko upande wa ukale. Kuzifanyia biashara kunahitaji leseni, na kuzitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Mgeni anayekuambia “nipe tu nitaitia mkobani” anakuingiza taabuni, na pia anaondoa kitu ambacho mjukuu wako hatakiona tena.

Haina maana kwamba familia zenye shida zizuiwe kuuza urithi wao. Mtu mwenye njaa hashibi historia. Lakini auzaye bila kujua hupunjwa mara mbili: hulipwa bei ya madini kwa kitu kilichozidi madini, na hupoteza habari za wazee wake bila malipo yoyote. Anayejua mwaka, mfalme na daraja husimama mbele ya mnunuzi akiwa na sauti. Na akiamua kutouza, anajua kwa nini.

Huna rupia? Anzia ulipo. Sarafu za kwanza za Kenya huru zina mwaka 1966 na picha ya Mzee Kenyatta. Zikafuata za Rais Moi, na mwaka 2003 ikatolewa ya shilingi 40 yenye picha ya Rais Kibaki, kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Katiba ya 2010 ikakataza sura ya mtu yeyote kwenye fedha zetu, na sarafu zilizozinduliwa Desemba 2018 zina twiga, kifaru, simba na ndovu. Simba amerudi, safari hii bila mfalme upande wa pili! Mtoto akiweka moja ya kila aina, tayari ameshika historia ya nchi katika kiganja kimoja.

Kwa hiyo Jumapili hii, baada ya chakula, teremsheni lile kopo. Tandazeni kitambaa mezani, mwite nyanya akae kwenye kiti kizuri, mumuulize kila sarafu ilinunua nini wakati wake, na mwenye hati nzuri aandike majibu. Akiba haiozi, ila hupotea. Na mkishajua mlicho nacho, anzeni kuweka nauli ya Lamu.